Beatles: hivi ni kweli Yoko ndiye aliyewaachanisha?

Kanda_Mbovu

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo linanikereketa tangu wiki iliyopita na nyumbani hakuna wa kubishana naye. Nilipokuwa mdogo, kaka yangu ndiye aliyenionjesha Beatles, na kila wimbo ulikuja na maelezo yake. Maelezo makuu yalikuwa haya: vijana wanne wa Liverpool, John, Paul, George na Ringo, walipendana kama ndugu, akaja mwanamke wa Kijapani, John akalewa mapenzi, bendi ikafa. Hadithi hiyo nimeibeba miaka ishirini na ushee. Nimewasimulia watu, tena wengine hata hawakuniuliza.

Sasa juzi nimemaliza ile filamu ndefu ya Peter Jackson ya mwaka 2021, karibu saa nane, ya mazoezi yao ya Januari 1969. Nilikaa kama mlinzi, namvizia Yoko. Nilitaka nimkamate waziwazi. Nikaona nini? Yoko anasoma gazeti. Yoko anasoma barua. Paul mwenyewe anatania humo ndani kwamba baada ya miaka hamsini watu watasema bendi ilivunjika kwa sababu Yoko alikalia amplifaya. Nikajiona mimi na kaka yangu humo humo. Na anayesusa kweli kweli ni George: tarehe 10 Januari, muda wa chakula cha mchana, anawaaga na kwenda zake. Yoko hakumgusa.

Naomba wenye kujua mnisaidie. Nani hasa aliivunja ile bendi? Halafu baada ya hapo, kila mtu kivyake, nani alitoka na la maana? Kaka anasema ni John peke yake, hao watatu walikuwa wanaganga njaa tu.

Matusi sitaki.

Fimbo_Mbili

Kaka yako hajamsikiliza Ringo. Niko kazini, narudi jioni.

Jogoo_la_Shamba

Ni Yoko tu, mnazunguka bure. Mwanamke anafuata nini studio?

Kanda_Mbovu

Ndugu, Linda, mpenzi wa Paul, naye alikuwa humo anapiga picha. Mpiga kinanda Billy Preston alipita kusalimia akaishia kukalishwa kwenye kinanda. Aliyezidi ni Yoko tu? Soma swali.

Mhasibu_Mstaafu

Mwanangu Kanda, mimi nitakujibu kwa daftari, maana ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Niliwahi kutunza hesabu za bendi moja ya watu watano, jina nalihifadhi. Mwaka wao wa mwisho walikuwa bado wanapanda jukwaani pamoja na wanachekeana vizuri kabisa. Lakini ndani ya wiki moja kila mmoja wao alikuja mezani kwangu peke yake, akafunga mlango, akaomba nakala ya ukurasa uleule. Yule wa tano alipofunga mlango, nikaanza kutafuta kazi nyingine.

Sasa tuje kwa hawa. Meneja wao, Brian Epstein, alikufa Agosti 1967 akiwa na miaka 32, kwa kuzidisha dawa za usingizi. Miezi michache kabla ya hapo wale wanne walikuwa wametia saini mkataba mpya wa ubia: mapato yao yanaingia chungu kimoja, ukiondoa fedha za utunzi. Usipite haraka hapo. Maana yake ni kwamba hata ukitoa santuri yako mwenyewe, jina lako na sura yako peke yako kwenye jalada, senti zake zinakwenda chunguni. Mkataba wa namna hiyo ni mtamu mkiwa vijana, mnapendana, na meneja yuko hai.

Kisha wakaanzisha kampuni yao, Apple. Desemba 1967 walifungua duka la nguo Baker Street, London. Halikutimiza mwaka. Julai 1968 walilifunga kwa kuwaambia watu waingie wachukue bure. Mimi nikifika hapo huwa naweka kalamu chini kwanza.

Mwaka 1969 fedha zinavuja, wakahitaji mtu wa kuwashikia mambo. John, George na Ringo wakamtaka Allen Klein, Mmarekani aliyekuwa akisimamia bendi ya Rolling Stones. Paul akawataka mawakili wawili: Lee Eastman, baba mkwe wake, na John Eastman, shemeji yake. Hebu jiweke upande wa wale watatu. Ungekubali fedha zako zishikwe na mkwe wa mwenzako? Haya, hamia kwa Paul. Ungekubali kulazimishwa meneja ambaye hukumtilia saini? Watatu kwa mmoja, na tangu kuanza kwao mambo mazito walikuwa wakiyaamua wote wanne kwa kauli moja. Kwa hesabu zangu, ni hapo walipopasukia.

Ama kuhusu nani aliondoka, wote waliondoka, kwa zamu. Ringo alisusa Agosti 1968. George Januari 1969, umemwona. John aliwaambia wenzake Septemba 1969 kwamba yeye basi, wakamwomba afunge mdomo kwa sababu kulikuwa na mkataba mpya na kampuni ya Capitol. Akafunga. Paul alikuwa wa nne, ila yeye ndiye aliyesikika, Aprili 1970, kwenye karatasi ya maswali na majibu iliyogawiwa na santuri yake ya kwanza. Tarehe 10 Daily Mirror wakaliweka ukurasa wa mbele. John alikasirika, na wala si kwa uchungu wa kuachwa. Yeye ndiye aliyetangulia kuondoka, kisha mwenzake akachukua vichwa vya habari.

Desemba 31 mwaka huohuo Paul akawashtaki wenzake watatu Mahakama Kuu, London. Watu humlaumu: kwa nini asimshtaki Klein? Klein hakuwa mbia! Ubia ni wa wanne, ukitaka kutoka unawashtaki wabia wako, hakuna mlango mwingine. Machi 1971 jaji akaona ana hoja, akateua msimamizi wa mali. Lakini karatasi ya mwisho kabisa John aliitia saini Desemba 1974, akiwa likizoni na mwanawe kwenye hoteli ya Disney World, Florida. Zaidi ya miaka minne tangu gazeti litoke.

Yoko sijamwona popote kwenye daftari.

Kanda_Mbovu

Shikamoo mzee. Hiyo ya kufunga mlango imenikaa. Lakini kama ni fedha, mbona walichambana kwenye nyimbo?

Mhasibu_Mstaafu

Marahaba. Sikusema ni fedha tu. Ila mipasho waachie wenye masikio, mimi nasoma tarakimu.

Nota_Tano

Mipasho nileteeni mimi.

Aliyeanza ni Paul. Kwenye Ram, Mei 1971, wimbo wa kwanza kabisa, "Too Many People". Kijembe chenyewe ni chembamba, asiyejua anapita tu. Jalada la nyuma sasa: picha ya mbawakawa wawili, mmoja kampanda mwenzake. Kiingereza cha mbawakawa kinatamkwa sawasawa na jina la bendi, kwa hiyo ujumbe ulifika. John akajibu mwaka huohuo kwenye albamu ya Imagine, na yeye hakufumba. "How Do You Sleep?" inamkejeli mpaka na wimbo wake wa "Yesterday". Halafu ndani ya jalada akatia kadi ya picha, kamshika nguruwe masikio, kumwigiza Paul alivyomshika kondoo pembe kwenye jalada la Ram. Watu wazima hao.

Lakini nataka msikilize lile gitaa linaloteleza kwenye ule wimbo wa John. Ni George. Huyo mnayemwita mkimya aliketi akapiga solo tamu kabisa juu ya matusi aliyotukanwa Paul, rafiki yake wa shule, mtu waliyekuwa wakipanda naye basi moja.

Alikuwa na deni moyoni. George ndiye mdogo kuliko wote, na kila santuri alipewa nafasi ya wimbo mmoja au miwili, basi. "Isn't It a Pity" alikuwa nao tangu 1966. "All Things Must Pass" waliufanyia mazoezi Januari 1969, ukaachwa njiani. Siku ile aliyosusa alirudi nyumbani akatunga "Wah-Wah". Shajara yake ya siku hiyo inaandika kuacha Beatles katikati ya shughuli nyingine, kama mtu anayeandika kuwa alipitia sokoni. Zote tatu zikatoka Novemba 1970, kwenye boksi moja lenye santuri tatu. Kwa hiyo, Kanda, jibu langu la swali lako la pili ni George, angalau kwa mwaka ule. Wa kwanza kati ya wanne kushika nambari moja kivyake Marekani na Uingereza ni yeye, kwa "My Sweet Lord".

Na huo wimbo ukamponza. Mliopita kwenye kwaya imbeni nami taratibu: so-mi-re, so-mi-re, mara nne. Kisha so-la-do-la-do, rudieni. Mmeimba "My Sweet Lord". Sasa imbeni tena hivyohivyo bila kubadilisha chochote: mmeimba "He's So Fine" ya The Chiffons, ya 1963. Mpaka nota ndogo ya kudokolea, ile re inayochungulia kabla ya do kwenye marudio, ipo kwote. Mimi hupiga gitaa, na siku ya kwanza nilipozipanga hizo mbili nilicheka peke yangu, kisha nikamwonea huruma. Mwaka 1976 jaji Richard Owen wa New York, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki, aliamua kwamba George hakukusudia kuiba. Ule wimbo ulikuwa umelala kichwani mwake bila yeye kujua. Hakukusudia, lakini hatia anayo.

Mhasibu_Mstaafu

Mwanangu Nota umeacha kipande kitamu kuliko vyote. Mwanzoni mwa kesi hiyo aliyekuwa akimsimamia George ni Klein. Mwaka 1973 wale watatu wakaachana naye (Paul sijui alicheka kiasi gani). Mwaka 1978 Klein huyohuyo akainunua ile kampuni iliyokuwa inamdai George, kwa dola 587,000, akageuka kuwa mdai. Jaji akamwambia huwezi kuchuma faida kwa mteja wako wa jana, utalipwa ulichonunulia, senti moja usiongeze. Nimesoma hukumu nyingi maishani, hiyo huwa naikumbuka nikiwa na usingizi mbaya.

Besi_Nne

Nilikuwa napita tu ila naona Paul hana wakili humu.

Nyie mnajua albamu yake kubwa kuliko zote baada ya Beatles alirekodi wapi? Lagos. Agosti na Septemba 1973, studio ya EMI, Apapa. Alikuwa na bendi mpya, Wings. Kabla ya safari mpiga gitaa akajiengua. Mpiga dramu naye akajiengua dakika za mwisho. Mtu mwingine angeahirisha. Paul akapanda ndege na Linda na Denny Laine, watu watatu, na huko dramu akapiga mwenyewe.

Usiku mmoja yeye na Linda wakitembea wakavamiwa na watu wenye visu. Begi likaenda, na ndani ya begi mlikuwa na kanda za majaribio na maneno ya nyimbo. Fikirini hapo. Ikabidi azirekodi nyimbo kutoka kichwani. Bado hajapumua, mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti akamjia juu, anamshutumu kuwa amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Paul akampigia alichokwisha kurekodi, Fela akasikia mwenyewe kuwa humo hamna cha kwake. Kwangu mimi Fela alikuwa na haki ya kuuliza. Ameona mzungu tajiri kashuka na mashine, ulitaka afikirie nini?

Band on the Run ikatoka Desemba 1973, ikashika nambari moja Marekani na Uingereza. Mimi besi nilijifunzia kwenye albamu hiyo, kaseti iliyokuwa imekatika nikaiunga kwa gundi, kwa hiyo mpaka leo nikiusikia ule wimbo wa jina la albamu namsubiri Paul aruke neno mahali ambapo kaseti yangu ilikuwa inaruka. Haruki. Naudhika kidogo kila mara.

Na 1977 akaja na "Mull of Kintyre", zumari za Kiskoti na nini, single ya kwanza kuuza zaidi ya nakala milioni mbili Uingereza. Siupendi. Lakini huko si kuganga njaa.

Jogoo_la_Shamba

Kwa hiyo John hana lolote?

Besi_Nne

Nani kasema? Ile santuri yake ya Desemba 1970, Plastic Ono Band, imevuliwa nguo kabisa: gitaa au kinanda, besi ya Klaus Voormann, dramu. Hakuna fidla, hakuna kwaya ya kuficha makosa. Besi zake ni nota chache mno na huwezi kuondoa hata moja. Nikimfundisha mtu naanzia hapo.

Fimbo_Mbili

Nimerudi. Nashukuru Besi umenitengea meza. Dramu za hiyo santuri ya John alipiga nani? Ringo. Boksi la George la 1970? Ringo yumo. Tamasha la George la kuchangia Bangladesh, Agosti 1, 1971, Madison Square Garden? Ringo. Na hata Paul, "Take It Away" ya 1982, nyuma yake kakaa nani? Mnapanga nani alishinda na nani alishindwa, mtu mmoja alikuwa anafunguliwa mlango kila nyumba.

Isipokuwa siku moja. Machi 1970 santuri ya Paul na Let It Be, santuri ya Beatles wenyewe, zilikuwa zinagongana tarehe. John na George wakaandika barua ya kumtaka Paul aahirishe ya kwake, wakamtuma Ringo aipeleke, kwa kuwa ndiye asiyechukiwa. Paul alimfokea akamtimua. Ringo akarudi kwa waliomtuma na kuwaambia mwacheni, hiyo tarehe ina maana kubwa kwake. Santuri ikatoka Aprili 17 kama Paul alivyotaka. Katimuliwa, na bado kaenda kumtetea aliyemtimua.

Mzee amesema Ringo alisusa 1968 akapita haraka. Ngoja niseme. Ringo mwenyewe alisimulia kuwa alijiona hapigi vizuri na kwamba wale watatu wameshikamana, yeye yuko nje. Akaenda kwa John kumwambia hivyo. John akamjibu, mimi nilidhani nyinyi watatu ndio mmeshikamana. Akaenda kwa Paul. Jibu lilelile! Akachukua familia akaenda zake Sardinia, akakaa kwenye boti ya mwigizaji Peter Sellers, nahodha akamhadithia jinsi pweza wanavyookota mawe na kujipangia bustani chini ya bahari, na wimbo wake wa "Octopus's Garden" ukaanzia hapo. Huku nyuma Paul ndiye aliyekaa kwenye dramu za "Back in the U.S.S.R." Sikilizeni kwa makini. Anapiga kwa nguvu, haachi nafasi. Ringo huacha nafasi. Aliporudi alikuta seti yake yote imefunikwa maua, kazi ya George.

Sasa kaka yako, Kanda. Mwulize, kati ya wanne, nani alikuwa wa mwisho kushika nambari moja Marekani kwa wimbo wake mwenyewe? Atakwambia Ringo. Ringo alifika kwa "Photograph" mwishoni mwa 1973, aliotunga na George, akarudia Januari 1974 kwa "You're Sixteen". John alifika Novemba 1974, na humo Elton John anaimba naye na kumpigia piano. Wa mwisho ni John.

Halafu tafuta albamu inayoitwa Ringo, ya 1973. Hiyo ndiyo santuri pekee ya miaka ile ambayo wote wanne wamo. Hawamo chumba kimoja, usinielewe vibaya. Upande wa kwanza, wimbo wa kwanza, ametunga John, anapiga piano, George yuko kwenye gitaa, Ringo anaimba, Billy Preston yuleyule wa kusalimia anapiga kinanda. Paul na Linda wamo kwenye wimbo mwingine, waliurekodi London. Na kwenye "You're Sixteen" kuna sauti katikati kama saksafoni iliyovimba pua. Ni Paul, anapiga kwa mdomo.

Nota_Tano

Nimekwenda kusikiliza sasa hivi. Jamani ni mdomo kweli.

Kanda_Mbovu

Asanteni sana wote. Nimempigia kaka, nimemsomea ya mzee yote na ya Fimbo yote, dakika arobaini, kwenye lile swali la nani alikuwa wa mwisho akakosa kama mlivyosema. Amekubali habari ya ubia, amekubali Klein, amekubali hata Ringo.

Kisha akakaa kimya kidogo, akasema: "Lakini si unaona kumbe kwenye amplifaya alikaa?"